Kuzubaa na kusahau kila siku: mie fundi cherehani wa Ngamiani, nimeacha kukitegemea kichwa

#1 · Mleta uzi

Wakuu, salaam. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa miaka mingi. Leo naandika kwa sababu kila baada ya siku mbili naona mtu analalamika kwamba mkewe hamsikilizi akiongea, au mwanawe anapoteza madaftari kila wiki, na ushauri unaomiminika chini yake ni kiboko, kunyweshwa kombe la dua au talaka. Naomba mnisome hadi mwisho, nitakuwa mrefu.

Mie ni fundi cherehani, Ngamiani, hapahapa Tanga. Kazi hii nina mwaka wa kumi na tano. Nilipokuwa na miaka 36 daktari wa afya ya akili aliniambia nina tatizo la umakini, lile ambalo wengi wanaliita ADD. Hadi siku ile nilikuwa nimeitwa kila jina: mzembe, mwenye dharau, kichwa maji, yupo-hayupo. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema "huyu ameghafilika tu", na katika majina yote hilo peke yake lilikuwa na huruma.

Siku iliyonipeleka hospitali ilikuwa siku ya mikono ya gauni. Mteja wangu wa muda mrefu aliniletea kitenge cha sare ya harusi ya mdogo wake. Kitambaa kilikuwa kimepimwa, hakuna hata shubiri ya ziada. Kwa kawaida mikono naikata pamoja, nakunja kitambaa, mkasi unapita mara moja na mikono inatoka kulia na kushoto. Siku ile kitambaa kilikuwa kidogo, ikabidi nikate mmoja mmoja. Nikaweka karatasi ya mchoro, nikapiga chaki, nikakata. Nikasogeza kitambaa, nikaweka karatasi vilevile ilivyokuwa, bila kuigeuza, nikakata wa pili. Mkono wa gauni una mbele na nyuma, mbele unachimbwa zaidi ili bega likae. Nilipoanza kushona ndipo nikaona kichimbo cha mkono wa kulia kinatazama mgongoni. Mikono yote miwili ilikuwa ya kushoto.

Nilimlipa kitambaa chake. Lakini aliniuliza, kwa upole kabisa, "Sasa wakati unakata ulikuwa unawaza nini?" Nikakosa jibu. Nilikumbuka vizuri nilichowaza: nilikuwa nahesabu kichwani kama samaki aina ya changu kwenye soko la Deep Sea watakuwa wameshapanda bei kwa sababu ya upepo. Mkono ulishika mkasi, macho yalikuwa kwenye kitambaa, nami nilikuwa sokoni. Nilijua nikimwambia hivyo ataona nimemdharau. Nilinyamaza, na usiku sikulala.

Hilo ni moja. Nimeunguza sufuria za maharage idadi siijui. Nimepanda daladala nishuke Kange nikazinduka niko Pongwe, na sikuwa nimesinzia. Mume wangu anaongea na mie, naitikia "ehe, ehe", halafu ananiuliza "nimesema nini?" na hakuna kitu, kama mtu aliyefuta ubao. Nilikwenda kwa mganga mara moja, nikaambiwa kuna mtu ananichezea. Sikwenda tena, ila kwa miezi kadhaa nilimshuku jirani yangu ambaye hakunikosea chochote, na hilo linaniuma hadi leo.

Kliniki daktari hakukimbilia kunipa jina la ugonjwa. Alianza na yale yanayofanana nalo: nikapimwa wingi wa damu, nikapimwa homoni za tezi ya shingo, akaniuliza kama nakoroma na kukatika pumzi usingizini, kama nina msiba, kama nina sonona. Akauliza habari za utotoni, kwa sababu tatizo hili halimwanzi mtu ukubwani: dalili zinatakiwa ziwe zimejitokeza kabla ya miaka 12, na ziwe zinaonekana mahali zaidi ya pamoja, si kazini tu au nyumbani tu. Kwa mtu mzima wanaangalia angalau dalili tano kati ya tisa, na ziwe zinamharibia maisha. Shangazi yangu alinitolea ripoti za shule kwenye sanduku la bati. Darasa la tatu mwalimu aliandika: "Ana uwezo, lakini akili yake haiko darasani." Darasa la tano, mwalimu mwingine, maneno karibu yaleyale. Nililia palepale kwenye benchi.

Kuhusu jina, msije mkabishana. ADD liliingia rasmi mwaka 1980 katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani. Mwaka 1987 likabadilishwa kuwa ADHD, yaani kukosa umakini pamoja na kutotulia, na mwaka 1994 wakaligawa aina tatu: ya kutotulia mwili, ya kukosa umakini, na ya yote mawili. Sie tuliokaa kimya tukitazama dirisha tuko katika ile aina ya kukosa umakini. Mtoto anayeruka juu ya madawati anapelekwa hospitali mapema. Binti aliyetulia nyuma akisafiri kwa mawazo anapandishwa darasa tu, hasumbui mtu.

Sasa jambo lenyewe nililokuja kulisema. Kwa miaka thelathini niliambiwa "kaza akili". Nimekaza. Niliapa, nilijifinya, nilijitukana. Haikusaidia hata siku moja, kwa sababu saa ninayotakiwa kukaza ndiyo saa ambayo sipo. Kilichonisaidia ni kuacha kukitegemea kichwa na kukipa kila kitu mahali pake nje ya kichwa, palepale kinapohitajika.

Kwenye kitambaa: kabla ya mkasi naandika kwa chaki herufi kubwa katika kila kipande, KL kulia, KS kushoto, na mshale wa kuonyesha mbele. Kipande kisicho na herufi hakikatwi. Vipimo vya mteja siviweki kwenye daftari tu, naviandika kwenye karatasi naibana kwa pini kwenye kitambaa chenyewe na havitengani hadi nguo itoke. Kukata nakata asubuhi baada ya sala ya Alfajiri hadi saa tatu, barabara ikiwa bado kimya. Mchana nashona tu, na kupiga pasi. Kabla nilikuwa nakata saa nane mchana tumbo limejaa wali, na makosa yangu karibu yote yalitokea saa hizo.

Jikoni: nikitoka jikoni moto unawaka, natoka na mwiko mkononi. Siuachi. Nikikaa kwenye cherehani na mwiko, siwezi kushona, lazima niutazame, na nikiutazama narudi jikoni. Simu nayo inalia, lakini alamu nimeipa jina la kitendo, MAHARAGE YAKO MOTONI, kwa sababu alamu isiyo na jina nilikuwa naizima nisijue ilikuwa ya nini.

Mlangoni: msumari mmoja, ufunguo mmoja. Nikifunga naugusa mlango na kusema kwa sauti "nimefunga, leo Jumanne". Lile neno "Jumanne" ndilo linalonisaidia, maana nikifika njiani nikajiuliza, nakumbuka sauti yangu ya leo na si ya jana. Bibi yangu alikuwa anafunga fundo kwenye ncha ya khanga akitumwa kitu, wala hakusoma popote.

Karibuni wenye maswali.

#2 · Mdau, Sahare

Dada nimekusoma, pole. Lakini nikuulize bila ubaya. Kusahau kila mtu anasahau. Mie mwenyewe juzi nimetafuta miwani ninayo usoni. Haya mambo si ya Wazungu, wanatafuta jina kwa kila kitu?

#3 · Mleta uzi

Kaka yangu, swali lako ni halali na mie nililiuliza. Tofauti iko kwenye wingi na hasara. Miwani ukiitafuta juzi, umecheka, yamekwisha. Mtu mwenye hali hii ni leo, kesho na keshokutwa, tangu utoto, na anapoteza kazi, ndoa na heshima kwa jambo ambalo hakulikusudia.

Na halikuanza na jina. Daktari wa Scotland, Alexander Crichton, aliandika mwaka 1798 kuhusu watu ambao umakini wao haukai mahali pamoja, wakati ule hakuna simu wala televisheni ya kusingiziwa. Pia linarithiwa sana. Kwangu nikitazama nyuma namwona baba yangu mdogo, aliyekuwa akienda dukani kununua chumvi na kurudi na gazeti.

Kuhusu kuzubaa kwenyewe, daktari alinieleza hivi. Ubongo una mtandao wa sehemu zake ambao huchangamka mtu akiwa hana kazi, anawaza yake. Mwaka 2001 mtafiti wa ubongo Marcus Raichle na wenzake wa Marekani ndio waliueleza na kuupa jina. Mtu akianza kazi, mtandao ule hupungua sauti. Kwa watu kama mie watafiti wengi wanaona haupungui inavyotakiwa, unaendelea kuongea juu ya kazi. Nilipolisikia hilo nilielewa kwa nini mie huwa sokoni na mkasi mkononi.

#4 · Mdau, Pangani

Mie ndiye yule mume unayemsema mwanzo wa uzi, anayelalamika mkewe hamsikilizi. Mke wangu yuko hivi hasa. Miaka tisa nimeamini hanithamini. Naongea kuhusu ada ya mtoto, yeye anatazama ukuta. Nikiuliza ananiambia hakusikia. Jamani, nimekaa naye mita moja! Nifanyeje, maana nimechoka kupiga kelele.

#5 · Mleta uzi

Kaka, ahsante kwa kusema ukweli wako. Nikueleze tunavyofanya sie, halafu uchukue linalokufaa.

Mume wangu alikuwa anaanza kuongea akiwa chumbani, mie niko uani. Sentensi ya kwanza inanipita, ya pili naidaka katikati, ya tatu nimeshachelewa na naona haya kusema "rudia", basi naitikia. Ile "ehe" ilikuwa aibu tu, nilikuwa naificha. Tukakubaliana mambo mawili. La kwanza, jambo la maana haliongewi kwa mbali. Anakuja, ananigusa bega, anasubiri nimtazame, ndipo anaanza. La pili, mie namrudishia: "Umesema ada ni Ijumaa, nitoe kwenye kikoba." Nikikosea anarekebisha papo hapo, hakuna ugomvi wa Ijumaa.

Wiki ya kwanza alichukia, akasema yeye hakuoa mtoto. Sikumlaumu, naye alikuwa amebeba miaka yake. Kilichombadilisha ni kuona kwamba akinigusa nakumbuka, na asiponigusa nasahau hata habari ninazozipenda, hata safari yetu ya Lushoto niliyoisubiri mwaka mzima. Hapo akaelewa kuwa hayahusiani na yeye.

Na kitu kimoja ambacho watu wanakitafsiri vibaya: mkeo akikusikiliza huku anachambua mchele au anasuka, usimnyang'anye. Mie kwenye kikao cha kikoba nikikaa mikono mitupu dakika kumi nimeshaondoka. Nikikaa napiga pindo kwa mkono, sindano na uzi, nasikia kila neno hadi hesabu za hisa. Wenzangu walidhani nawadharau, nikawaeleza, sasa mwenyekiti mwenyewe ananiuliza "leo hujaja na pindo?"

#6 · Mdau, Chumbageni

Dada mie ni bodaboda. Ninayo hiyo ya kujikuta nimefika sikumbuki nimepita wapi. Barabara ya Pangani iliyonyooka ndiyo mbaya zaidi. Kijiweni wananiambia nitafune mirungi, inafungua kichwa. Na hizo dawa za hospitali zipo kweli?

#7 · Mleta uzi

Mdogo wangu, hapa nakuomba kwa dhati, usiguse mirungi. Kwanza ni marufuku nchini kwetu, utaishia mahakamani. Pili, ile katinoni iliyo ndani yake ni jamaa wa karibu wa amfetamini, dawa kali ya kuchangamsha mwili. Inakuamsha kweli kwa saa kadhaa, halafu inakunyima usingizi na hamu ya kula, na hakuna kitu kinachoongeza kuzubaa kama kukosa usingizi. Wale wa kijiweni wanaona ule mchangamko wa jioni, hawaoni unavyoendesha kesho yake asubuhi.

Dawa zipo. Iliyo maarufu zaidi ni methilifenideti, ilitengenezwa Uswisi mwaka 1944 na mkemia Leandro Panizzon, na jina la Ritalin alilitoa kwa mkewe Rita. Ziko chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa 1971, kwa hiyo ni za kuandikiwa na daktari na kufuatiliwa, anakupima mapigo ya moyo na presha. Usinunue kwa mtu mkononi. Mie sitaandika hapa ninatumia nini, kwa sababu najua kuna mtu atakwenda kuitafuta kwa jina langu.

Sasa la muhimu kuliko yote kwako unayebeba roho za watu. Kuna kuzubaa kwa mawazo, na kuna kifafa cha kuduwaa, ambacho hakiangushi mtu. Mwenye kifafa hiki hukatika ghafla, katikati ya sentensi, kwa sekunde chache tu, macho yanatazama mbali, pengine kope zinapepesa, halafu anaendelea kama hakuna kilichotokea. Ukimwita au kumtikisa hazinduki hadi ipite yenyewe. Mie ukinigusa narudi mara moja. Waulize wanaokaa na wewe wanachokiona. Kama ni kile cha kukatika, acha kuendesha pikipiki hadi upimwe ubongo. Wazazi pia, mtoto wa hivi asichapwe darasani kwa "kuota mchana" kabla hajaonwa na daktari.

Kama ni mawazo tu, bado barabarani ni hatari, watu wa hali yetu wanapata ajali zaidi ya wengine. Simu iwe ndani ya begi. Ile barabara iliyonyooka usiipite umechoka. Jisemee kwa sauti unachokiona: mtoto kushoto, lori mbele, mbuzi. Ndani ya helmeti uko peke yako, hakuna atakayekusikia.

#8 · Mdau, mwalimu wa madrasa, Makorora

Nimesoma uzi huu wote. Binti yangu, niongeze jambo moja kwa upande wetu. Dini ilishamwekea nafasi mwenye kusahau. Ukiwa katika sala ukapata shaka umeswali rakaa tatu au nne, shika ile idadi ndogo, kamilisha, kisha usujudu sijida mbili za kusahau kabla ya salamu. Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie, alitoa salamu baada ya rakaa mbili katika sala ya rakaa nne. Swahaba mmoja, Dhul Yadayn, akamuuliza, je, sala imepunguzwa au umesahau? Akawauliza watu, wakathibitisha, akasimama akakamilisha. Hakumkaripia aliyemkumbusha, wala hakuna aliyemwita mzembe.

#9 · Mleta uzi

Shikamoo mwalimu. Umenitoa machozi. Kwa miaka nilikuwa nairudia Isha mara tatu, nne, nikiamini sala yangu haipokelewi kwa kuwa mawazo yananichukua kwenye rakaa ya pili. Kuna usiku nilikaa juu ya mswala hadi saa sita. Sasa nashika idadi ndogo, nasujudu sijida zangu mbili, nasimama. Na nimeona hata kazini inafaa: nisipokumbuka kama mteja kalipa nusu au robo, naandika kile nilicho na uhakika nacho na namuuliza yeye, siongezi kwa kubahatisha. Ahsante sana.

#10 · Mdau, Muheza

Mie nina mtoto wa miaka tisa. Kila siku anarudi bila kitu, leo sweta, kesho chupa ya maji. Hodari wa hesabu akiulizwa kwa mdomo, mtihani anaacha ukurasa wa nyuma mtupu. Nimemchapa, dada, sitaficha. Jana usiku baada ya kusoma hapa nimemwangalia alivyolala nikashindwa kujizuia. Nianzie wapi?

#11 · Mleta uzi

Mwenzangu, usijimalize. Wengi wetu tulichapwa na waliotupenda, na walichapa kwa sababu hakuna aliyewaambia kitu kingine.

Anza na macho na masikio. Mtoto asiyesikia vizuri, au asiyeona ubao, anafanana kabisa na mtoto aliyezubaa, na hayo yanapimwa haraka. Halafu nenda kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya mkoa, uwe na ripoti za shule zote ulizonazo na daftari moja ambalo ameacha kurasa. Mwombe mwalimu aandike anachokiona kwa maneno yake. Unaweza kuzungushwa dirisha hili na lile, mie nilizungushwa siku mbili na mtu mmoja wa mapokezi akanicheka kwa kusema "nasahau". Sikurudi nyuma, na wewe usirudi.

Wakati unasubiri, ule ukurasa wa nyuma unatibika leo. Mfundishe kabla hajaandika jibu lolote ageuze karatasi yote na kuchora duara dogo kwenye kona ya kila ukurasa wenye maswali. Hakabidhi karatasi kabla kila duara halijapigwa tiki. Mwalimu wake akikubali kumgusa meza akiona amepotea, badala ya kumwita mbele ya darasa, utakuwa umepata nusu ya msaada. Sweta lishonee kitanzi, lifungwe kwenye mkoba wenyewe. Maagizo mpe moja moja. Ukimwambia "vua viatu, nawa, leta daftari, mwite dada yako", atavua viatu na utamkuta kaketi navyo.

Na mwambie lina jina, na kwamba si yeye mbaya. Mie nililijua hilo nikiwa na miaka 36. Yeye ana tisa.

Kitanzi kinakaa vizuri kwenye mshono wa shingo, upande wa ndani, sentimita tano zinatosha. Ukipita Tanga niletee hilo sweta, nitakushonea bila malipo. Njoo asubuhi, kabla ya saa tatu niko kwenye kukata, hivyo gonga meza kidogo nikutazame.